Maji ya tangi moja, majibu mawili ya maabara

Swali: Tulitia klorini katika tangi letu la maji ya kunywa, na siku iliyofuata tukapeleka sampuli katika maabara mbili. Ya kwanza ilitupa chupa yake, nayo ikakuta kolifomu 14 (bakteria wanaotumika kupima usafi wa maji) katika mililita 100, bila E. coli, kolifomu inayoashiria kinyesi. Ya pili tuliipelekea maji katika chupa ya soda iliyooshwa vizuri, ikasema hakuna kitu. Tuamini ipi?

Jibu: Mimi ningeamini ya kwanza, na sababu iko kwenye chupa. Chupa ya maabara, zaidi ya kutakaswa kwa mvuke, huwekwa thayosalfeti ya sodiamu kidogo, ambayo huizima klorini mara tu maji yanapoingia. Kwa hiyo haisuuzwi kabla ya kujazwa, hata kama inaonekana ina vumbi jeupe ndani. Chupa yenu ya soda haikuwa na dawa hiyo, hivyo huenda klorini iliendelea kuua bakteria njia nzima, na maji yaliyofika maabara hayakuwa tena yale yatokayo bombani. Kwa kawaida chupa isiyotakaswa huongeza bakteria. Kwenu yaelekea klorini iliwahi kuwaua.

Hiyo 14 hupatikana hivi: mililita 100 huvutwa kupitia utando wenye matundu ya mikromita 0.45, bakteria hunaswa juu yake, kisha utando hulazwa juu ya chakula cha bakteria chenye laktosi (sukari ya maziwa) na kuwekwa katika inkubeta, yaani kabati la joto lisilobadilika, kwa saa 18 hadi 24, kwenye nyuzi joto 37 kwa kolifomu zote, au 44 kwa zile zinazostahimili joto, ambazo E. coli ni mmojawapo. Katika chakula chenye fenoli nyekundu, rangi inayogeuka manjano penye asidi, bakteria wanaovunja laktosi hutoa asidi, na koloni zao, yaani makundi yaliyozaliana, hujitokeza kama vichwa vya pini vya manjano, ambavyo mpimaji huvihesabu kimoja kimoja.

Kolifomu bila E. coli si ushahidi wa kinyesi, kwa kuwa baadhi yake huishi kwenye udongo na mimea. Hata hivyo, katika maji yaliyotiwa klorini sawasawa hazitarajiwi kuonekana, kwa hiyo ama klorini ilikuwa pungufu, ama uchafu unaingia baada ya tangi, ama mdomo wa bomba ndio uliochafua sampuli.

Rudieni kipimo kwa chupa ya maabara. Ondoeni mpira wowote kwenye bomba, choma mdomo wake kwa moto ikiwa ni wa chuma, acheni maji yatiririke dakika mbili au tatu, na mjaze mkibakiza nafasi ya kutikisa. Sampuli isafiri katika baridi bila kuganda, ifike ndani ya saa sita ikiwezekana, na isizidi 24. Hapo hapo bombani pimeni klorini iliyobaki na muiandike kwenye lebo: ikiwa chini ya miligramu 0.2 kwa lita, anzeni kwa kuchunguza kipimo cha klorini mnayotia tangini.