Nyumba ya marehemu mume wangu na ndoa mpya

*Shangazi, mimi ni mjane mwenye watoto wawili. Baada ya wiki sita naolewa na mwanamume aliyeachana na mkewe, naye ana mtoto mmoja. Nyumba tuliyojenga na marehemu iko kwa jina langu. Nilipotaja mkataba wa kabla ya ndoa, wa kuandika mali ipi ni ya nani, mchumba alinyamaza, kisha akasema: "Kumbe unapanga kuniacha hata hatujaoana." Nifanyeje?*

Mwanangu, yeye amesikia talaka. Mwambie wazi kwamba unachowazia ni siku utakayofariki. Ukitangulia bila maandishi, sheria za nchi nyingi humpa mume anayebaki fungu la mali yako. Naye akifariki, fungu hilo laweza kwenda kwa mwanawe, na wanao wakakosa. Akitangulia yeye, mwanawe yuko kwenye hatari hiyo hiyo. Anzia hapo, atakusikia.

Usimpelekee karatasi iliyokwisha andikwa. Kaeni, kila mmoja na orodha yake: mali, akiba, pensheni, madeni. Alete na hukumu yake ya talaka, kwa sababu matunzo anayodaiwa hayafutwi na mkataba wenu. Asifiche mtu kitu. Akaunti moja iliyofichwa yaweza kumfanya hakimu autupe mkataba mzima.

Kuhusu nyumba, kuandika tu "ni ya mke" hakutoshi, na hapa ndipo wengi hukwama. Mume akiezeka paa jipya kwa fedha zake, atarudishiwa alichotoa au atapata sehemu ya nyumba? Mkopo ukiwa haujaisha, nani analipa? Ukifariki, abaki humo miezi sita, mwaka mmoja, au maisha yake yote, ndipo watoto wakabidhiwe? Na muda huo matengenezo ni ya nani? Mimi ningempa muda wa kutosha. Mtu aliyefiwa asifungashiwe virago matanga hayajaisha.

Malezi ya watoto msiyafunge humo. Hakimu huangalia maslahi ya mtoto ya wakati ule.

Kila mmoja awe na wakili wake, na swali la kwanza liwe uzito wa mikataba hii mahakamani kwenu, maana nchi hutofautiana. Anzeni wiki hii. California, kwa mfano, sheria hudai siku 7 kati ya kupokea mkataba wa mwisho na kuusaini. Sahihi ya usiku wa kuamkia harusi ni rahisi kupingwa kwamba ilitolewa kwa shinikizo. Wiki sita zikiwa hazitoshi, sogezeni harusi.

Mkishasaini na kufunga ndoa, andikeni wosia mpya unaolingana na mkataba; Uingereza, kwa mfano, ndoa mpya kwa kawaida hufuta wosia wa zamani. Kisha toeni fomu za bima na pensheni msome jina la mnufaika. Yake huenda bado ina jina la mtalaka wake, na mara nyingi kampuni hulipa jina lililoko kwenye fomu. Aende mwenyewe akalibadilishe, akusomee jina jipya akirudi.

Shangazi