Je, miaka ya mafunzo ya ubingwa inahesabiwa kwenye msamaha wa mkopo?

SWALI: Shikamoo mama. Nimeanza mwaka wa kwanza wa mafunzo ya ubingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali moja isiyo ya kibiashara hapa Ohio. Nadaiwa mkopo wa masomo dola 230,000, wote wa serikali kuu. Mwenzangu wa mwaka wa tatu ananiambia miaka ya mafunzo haihesabiwi kwenye PSLF, yaani msamaha wa mkopo wa serikali kuu kwa wanaofanya kazi za utumishi wa umma, kwa kuwa bado tunajifunza. Nayo kampuni inayosimamia mkopo wangu imenishauri nisimamishe malipo hadi nimalize. Nifanyeje?
Daktari mafunzoni, Ohio

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika hapo. Miaka yako inahesabiwa, na malipo usisimamishe.

Uvumi wa mwenzako najua ulikotoka. Mei 2025 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada uliotaka miaka ya mafunzo ya udaktari isihesabiwe kwa wakopaji wapya. Kipengele hicho hakimo kwenye sheria iliyotiwa saini Julai 4 mwaka huo. Watu waliisikia habari ya kwanza, ya pili ikawapita.

PSLF, iliyoanzishwa na sheria ya 2007, inataka malipo 120 ya kila mwezi ukiwa umeajiriwa na serikali au na taasisi isiyo ya kibiashara inayotambuliwa chini ya kifungu 501(c)(3) cha sheria ya kodi, kazi ikiwa ya saa 30 au zaidi kwa wiki. Saa 30 wewe unazimaliza kabla wiki haijafika katikati. Si lazima malipo yafuatane, na cheo chako hakiulizwi. Anayeulizwa ni mwajiri.

Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya utumishi ya hospitali ya kufundishia, na fomu za PSLF za kuthibitisha mwajiri zilikuwa zinapita mezani kwangu. Kilichowaangusha vijana wengi ni kuangalia bango la getini badala ya karatasi ya mshahara. Chukua fomu yako ya W-2, ile ya mshahara na kodi unayopewa na mwajiri kila mwaka, tazama kisanduku b: hapo pana namba ya mwajiri. Iingize kwenye ukurasa wa kutafuta waajiri katika tovuti ya mikopo ya serikali kuu, studentaid.gov. Ikiwa anayekulipa ni chuo kikuu cha jimbo badala ya hospitali, usishtuke, hiyo ni serikali na inakubalika.

Hatari iko mbele, ukishamaliza. Madaktari wengi wa dharura na wa usingizi wanafanya kazi ndani ya hospitali isiyo ya kibiashara, lakini mshahara unatoka kwa kampuni binafsi iliyopewa mkataba. Miezi hiyo haihesabiwi. Tangu Julai 2023 wamefunguliwa mlango madaktari wa majimbo kama California na Texas, ambako sheria ya jimbo inazuia hospitali hizo kumwajiri daktari moja kwa moja. Ohio hamna kizuizi hicho, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini mkataba wowote.

Sasa ushauri wa ile kampuni. Umeniudhi, nakwambia kweli. Ukisimamisha malipo, riba inaendelea kupanda na mwezi hauingii kwenye hesabu. Omba mpango wa kulipa kulingana na kipato, IBR. Ukiuomba mapema, kipato kinachotazamwa kinaweza kuwa cha mwaka ulipokuwa darasani, na huenda ukatakiwa kulipa dola 0 kwa mwezi. Mwezi wa dola 0 nao unahesabiwa. Ukimaliza miaka 3 utakuwa na miezi 36. Ukiendelea na ubingwa wa moyo miaka 3 mingine, 72, yote ukiwa na mshahara mdogo, na utabakiza 48 tu. Kinachosamehewa mwishoni serikali kuu haikitozi kodi.

Hakikisha pia mikopo yako ni ya aina ya Direct, inayotolewa na serikali kuu moja kwa moja; ndiyo inayosamehewa na PSLF. Kama upo wa aina za zamani, FFEL au Perkins, uunganishe kwanza uwe Direct. Na zile barua za benki zinazokuahidi riba nafuu, zitupe: ukihamishia deni benki, msamaha umekwisha na hakuna kurudi.

Kama una mdogo wako anayeutamani udaktari, mwambie hili mapema. Kwa watakaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026, mkopo wa Grad PLUS, ule wa serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada za juu, haupo tena, na serikali kuu itamkopesha mwanafunzi wa udaktari mwisho dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Pengo atakalolijaza kwa mkopo wa benki halisamehewi na PSLF. Hilo linaniuma, maana watakaoumia zaidi ni watoto wa wazazi wasio na kitu.

Fomu ya mwajiri jaza kila mwaka, na kila unapohama kazi. Anayeisaini ni ofisi ya utumishi, si mkuu wa idara yako. Wapelekee sasa, wakati wanaokufahamu bado wapo ofisini.