Tulikuwa tunalipana grosari

Mmeuliza wiki hii kama kazi inaweza kumfanya mtu mlevi, au mlevi huja kazini na ulevi wake. Mimi ni fomani wa ujenzi Dar es Salaam, na nitajibu kwa jambo moja: siku ya malipo.

Kila Jumamosi mkandarasi wetu alinipa pesa za vibarua jioni, noti za shilingi 10,000 tupu. Fundi anadai 25,000, saidia fundi 12,000, utawagawiaje? Chenji ya uhakika ilikuwa grosari, yaani baa ndogo, ya ng'ambo ya barabara, basi tukazoea kulipana huko. Pesa zikichelewa, na zilichelewa karibu kila wiki, watu wananisubiri mezani. Nani atakalia kiti cha biashara saa tatu nzima asiagize kitu? Mama mwenye grosari alikuwa na daftari la madeni. Nikifika na bahasha tunaanza na daftari, ndipo tuje kwenye majina. Kuna kijana alikuja kwetu hajawahi kuonja bia. Mwaka haukuisha, ana ukurasa wake mle. Na aliyemwelekeza pale ni mimi.

Siku za kumwaga zege viroba, zile pombe kali za vifuko vidogo, viligawiwa saiti, eti kuchangamsha mwili. Serikali ilivipiga marufuku Machi 1, 2017. Desturi ikahamia kwenye chupa ndogo. Uji haukuwahi kupata bajeti.

Baadaye sana ndipo nikajua kwamba Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unakataza kulipa ujira vilabuni, na kwamba sheria yetu ya ajira ya 2004 inataka mtu alipwe mahali pa kazi, ndani ya saa za kazi. Nimekaa kwenye semina kadhaa za madhara ya pombe. Tumeonyeshwa picha za maini yaliyooza. Hakuna aliyetuuliza tunalipwa wapi.

Sasa tunalipa Ijumaa saa sita mchana, kwa simu. Wanywaji bado wanakunywa, yule kijana akiwamo, sitawadanganya. Ila waliokuwa wakikaa pale kungoja tu, wengi siku hizi wakitoka wanawahi daladala.

Wiki ya pili mama alinifuata saiti na daftari lake kwapani, anauliza amenikosea nini. Ukurasa wa kijana niliulipa mimi.