Jibu: APOE4 na ubongo wa kijana

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako wa miaka 24, ambaye kipimo kimeonyesha amerithi APOE4, aina ya jeni inayoongeza uwezekano wa kupata Alzaima, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu, uzeeni, ameshaanza kuharibika ubongo. Jeni hiyo peke yake haithibitishi hivyo. Mwaka 2009 watafiti wa Oxford na Imperial College London waliwapima kwa MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, vijana wa miaka 20 hadi 35, wakakuta kwamba hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu mpya, ilifanya kazi zaidi kwa wenye jeni hiyo, ilhali katika zoezi la kumbukumbu walifanya sawasawa na wenzao. Mimi naiona hiyo kuwa tofauti ya utendaji, si ugonjwa. Tena wapo wengi wenye APOE4 wasiougua kamwe, na hilo mwambie leo.