Ukiwa Dodoma na Unatafuta Boti Iliyotumika, Anzia Mwaloni

Ukiwaambia watu wa Dodoma kwamba unatafuta boti, kwanza utachekwa. Boti ya kwenda wapi, Nanenane? Lakini anayecheka ndiye huyo huyo anayenunua perege wa Mtera pale Soko la Majengo, na perege yule hakufika kwa miguu. Bwawa la Mtera lipo zaidi ya kilomita 100 kusini kwetu kwa barabara ya Iringa, lina wavuvi upande wetu na upande wa Migoli kule Iringa, na wavuvi wanahitaji vyombo. Katika familia yetu kaka yangu ndiye mvuvi. Mimi ndiye mwenye bando na subira, kwa hiyo kazi ya kutafuta boti na injini mitandaoni imeniangukia mimi, kwa ajili yake na kwa ajili ya jamaa zake.

Boti mpya ya faiba na injini mpya ni pesa ndefu, ndiyo maana watu hukimbilia zilizotumika. Shida ni kwamba nyingi ziko mbali: Mwanza, Kigoma, Tanga, Bagamoyo. Kutoka hapa mpaka Mwanza tu ni karibu kilomita 700. Tapeli analijua hilo vizuri. Anajua huwezi kutoka Area C mchana ukaenda kuitazama boti ukarudi kulala. Anajua utapiga hesabu ya nauli, ya gesti na ya siku za kazi, kisha utajiambia, si nitume tu kishika uchumba, nitaifuata mwisho wa mwezi? Mtaji wake ni umbali. Boti yenyewe ni picha tu.

Ila kuna jambo moja ambalo tapeli wa boti hana ujanja nalo. Simu inaingia mfukoni, gari unaweza kulifunika turubai uani kwa mtu. Boti ya uvuvi haifichiki. Ina mwalo wake, pwani wao wataita diko, na hapo kuna watu wanaoiona kila alfajiri: mlinzi, mama anayekaanga samaki, fundi injini, viongozi wa BMU, yaani kile kikundi cha wanajamii wa mwaloni kinachosimamia rasilimali za uvuvi. Halmashauri nayo ina afisa uvuvi. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa muuzaji huwa si bei. Nauliza: "Boti inalala mwalo gani, na mwenyekiti wa BMU hapo ni nani?" Mwenye boti kweli hujibu hata hujamaliza kuuliza, wengine na utani juu kuhusu huyo mwenyekiti. Mwingine ataanza kuzunguka: "Bosi wangu, boti ipo sehemu salama kabisa, wewe onyesha nia tu tufanye biashara." Hapo kwangu mazungumzo yamekwisha.

Namba ya mwenyekiti usiichukue kwa muuzaji, maana atakupa ya mwenzake aliyekaa naye meza moja. Itafute kwa njia zako. Piga simu halmashauri husika uombe afisa uvuvi. Au tafuta mtu. Dodoma hii imejaa watumishi waliohamishwa kutoka kila kona ya nchi. Huyu ana dada yake mwalimu Ukerewe, yule amesoma na mtu aliye Kigoma Ujiji. Muombe huyo ndugu aende mwaloni, akanywe chai, aulize boti ile ni ya nani. Mtumie nauli na pesa ya soda. Ni matumizi yasiyouma hata kidogo ukiyaweka kando ya milioni kadhaa.

Kwa boti za pwani sina huruma kabisa na mtu anayesema safari ni ndefu. Treni ya SGR imeanza mwaka 2024, Dar es Salaam unafika kwa chini ya saa nne, na nauli ya daraja la kawaida ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Panda treni, ukashike boti kwa mkono wako.

Sasa picha. Watu husema "nimeiona" wakimaanisha wameiona kwenye simu. Picha itazame nyuma ya boti kabla hujaitazama boti. Niliwahi kutumiwa tangazo la boti ya faiba yenye injini ya Yamaha HP 15, eti ipo Mtera, na nyuma yake imesimama minazi. Mtera tunaijua: mibuyu, vichaka, matope mapana wakati wa kiangazi maji yanaposhuka, na visiki vya miti iliyomezwa na bwawa vikichungulia majini. Minazi ya nini pale? Mawe makubwa yaliyobebana ni ya Mwanza, mikoko ni ya pwani. Picha ikikutia shaka, iweke kwenye Google ikutafutie zinazofanana. Mara nyingi utaikuta kwenye tangazo la zamani la nchi nyingine kabisa, ikiwa na bei ya dola. Kisha omba video, na iwe ya kupiga simu mnaongea hapo hapo, maana iliyorekodiwa huweza kuwa ya mtu mwingine. Mwambie azunguke mpaka nyuma, asogeze kamera kwenye namba ya usajili ubavuni, kisha aifunue injini. Kama mtandao wake unasumbua kila mara inapofika zamu ya kufunua injini, umeshaelewa.

Lakini picha za kuiba ni utapeli wa kitoto. Ule uliokomaa una boti ya kweli na mwenye boti wa kweli ndani yake, na huo ndio unaowapiga hata watu makini. Nitaueleza kama ulivyotaka kutupitia sisi.

Tulipata tangazo la boti iliyoko kwenye mwalo mmoja wa Mwanza. Aliyetangaza alijitambulisha kuwa mpwa wa mwenye boti. Bei milioni 6 na nusu, chini ya bei tulizokuwa tunaziona, ila si chini ya kutisha. Hakusita kutaja mwalo, na aliposikia tunamtuma mtu akafurahi: "Karibuni sana, mje muikague mpaka mridhike." Akaongeza neno moja tu. Mjomba wake ni mzee, hapendi maneno ya pesa na wageni, kwa hiyo mtu wetu akifika asitaje bei, akague tu, ya pesa tutamalizana sisi wawili kwenye simu.

Tukamtuma shemeji, mume wa dada yetu, anayeishi huko. Akakuta boti ipo, mzee yupo, injini inawaka, kila kitu sawa. Kwenye simu yule mpwa akaanza kunisukuma: tuma sasa, kuna mteja wa Geita yuko njiani na keshi mkononi. Shemeji bado amesimama na mzee, na shemeji ni mtu ambaye haoni aibu ya kuuliza chochote. Akamwambia: "Shikamoo tena mzee. Samahani, boti hii unaiuza shilingi ngapi, na pesa inaingia kwa nani?" Mzee akashangaa. Yeye anauza milioni 9, na anapokea mwenyewe. Kuna kijana dalali alimpigia, akamwambia anamletea vijana wa kampuni fulani waje kukagua, bosi wao atalipa baadaye, na asiwatajie bei wasije wakaweka cha juu chao.

Umeona mtego ulivyosukwa? Sisi tumeambiwa tusiseme bei, mzee kaambiwa asiseme bei. Wawili wenye haki ya kuongea wamesimama wanatazamana, na katikati yao kuna sauti ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Tungetuma ile milioni 6 na nusu, shemeji angeanza kufungua kamba za boti, na mzee angepiga yowe la mwizi. Tena angekuwa na haki. Kwa hiyo yeyote anayekupangia cha kutomuuliza mwenye mali, muulize mwenye mali hicho hicho. Na sina ugomvi na madalali. Wapo waaminifu na asilimia yao wanastahili. Dalali mwaminifu anawakutanisha, halafu anakaa pembeni kusubiri chake.

Upande wa malipo nina msimamo mmoja ambao kaka yangu huuita ukaidi: pesa na boti vikutane sehemu moja, siku moja. Silipi kishika uchumba kwa chombo ambacho mtu wangu hajakigusa. Akishakigusa, na mwenyewe amejulikana, kiasi kidogo cha kushikilia si vibaya, kwa maandishi. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujabonyeza namba ya siri lisome taratibu. Likiwa tofauti na la kitambulisho cha NIDA cha muuzaji, usibonyeze, hata akikuambia ni laini ya mke wake. Ila jina likifanana nalo usilale usingizi, kwa sababu usajili wa alama za vidole haukumaliza laini zilizosajiliwa kwa vidole vya watu wengine, wazee wa vijijini wasiojua kitu. Kwa kiasi kikubwa tumia benki, akaunti iwe ya jina lile lile lililo kwenye karatasi za boti.

Kuna na hawa wa "mnada". Ukurasa una nembo ya TRA, boti na injini zilizokamatwa bandarini, bei ya kutupa, wahi kabla ya saa sita. Malipo ya serikali yanalipwa kwa kontroli namba. Ukipewa namba ya simu ya mtu, hata ajiite kamishna, funga ukurasa. Na anayejitambulisha kama kampuni, jina lake litafute BRELA, wanaosajili kampuni, na risiti yake ya EFD ihakiki kwenye tovuti ya TRA, ni kazi ya dakika chache.

Karatasi za chombo ni leseni ya uvuvi, usajili, na kwa kilichokaguliwa, cheti cha TASAC, shirika lililorithi kazi za majini zilizokuwa za SUMATRA. Usikubali losi ripoti, ile taarifa ya polisi ya kupotelewa, badala ya karatasi hizo. Ile inajazwa mtandaoni na yeyote. Inathibitisha kwamba kuna mtu amesema amepoteza kitu, basi. Mkataba wa mauziano uandikwe huko huko chombo kilipo, mbele ya mtendaji au wakili, na kiongozi wa BMU awe shahidi.

Injini itazame zaidi ya boti, kwa sababu injini huibwa. Ziwani wavuvi huvamiwa usiku wakanyang'anywa injini, na injini hiyo inatafuta mnunuzi wa mbali, mtu wa Dodoma kwa mfano. Bamba la namba lipo kwenye bano linaloishika injini kwenye ubao wa nyuma. Namba iliyokwanguliwa, au bamba lililong'olewa, achana nayo bila kujadili bei, maana mwenye mali akijitokeza ataichukua na wewe utabaki unajibu maswali ya polisi kuhusu kupokea mali ya wizi. Mengine mwachie fundi: iwashwe ikiwa baridi, na ukiikuta tayari ya moto uliza kwa nini, maji ya kupoza yatoke kwa nguvu, mafuta ya gia yasiwe meupe, maana weupe ni maji yameingia. Injini ya pwani ikaguliwe chumvi. Ubao wa nyuma ugongegonge, ukisikia mlio wa kufa ujue umeoza ndani ya faiba.

Kama pesa imeshatoka, fanya haraka kabla ya kuwa na aibu. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, 100, uombe muamala uzuiwe. Mara nyingine inakutwa haijatolewa. Kama ulipitia benki, piga benki. Namba ya tapeli itume kwa SMS kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako, na uwaambie ni kosa la mtandao, kuna sheria yake ya mwaka 2015. Mazungumzo ya WhatsApp usiyafute kwa hasira, yapige picha yote, pamoja na lile tangazo kabla hawajalitoa. Na siku chache baadaye ukipigiwa na mtu anayejitambulisha kama afande wa kitengo cha mtandao, kwamba mwizi wako amekamatwa Shinyanga na kinachokosekana ni laki moja tu ya mafuta ya gari ili aletwe Dodoma, kata simu. Namba hiyo nayo itume 15040.