Mtoto, maji machafu na muhtasari wa kikao

SWALI: Mimi ni katibu wa SACCOS. Katika kikao cha bodi ilitolewa hoja ya kufuta mikopo ya dharura, kwa sababu baadhi ya wanachama wamekopa kisha wakaingia mitini. Mwenyekiti akatia Kiingereza: "Let us not throw the baby with the bathwater." Watu wakacheka, hoja ikaahirishwa. Sasa naandika muhtasari kwa Kiswahili na taarifa ya Kiingereza kwa mfadhili. Je, Kiingereza chake ni sahihi, na kwa Kiswahili niandikeje? Mhasibu wetu anadai msemo huu ulitokana na Waingereza wa kale waliokuwa wakioga familia nzima katika maji yaleyale, mtoto akiwa wa mwisho, maji yakiwa machafu hata haonekani. Pia tuliamua kuziondoa kompyuta za zamani: niandike "throw away", "get rid of" au "dispose of"?

JIBU: Ndugu Katibu, tuanze na kosa, maana taarifa ya mfadhili haisubiri. Mwenyekiti wako amemeza neno "out". Msemo kamili ni "throw the baby out with the bathwater", na hilo neno dogo ndilo lililobeba kazi ya kutupa. "Throw" peke yake ni kurusha: mtu anarusha mpira, mwenzake anadaka. "Throw out" ndiyo kutoa nje kisichotakiwa. Kwa hiyo alichosema mwenyekiti, ukikichukua kama kilivyo, ni kwamba bodi isimrushe mtoto akiwa na maji yake. Kosa hili nakutana nalo mara kwa mara katika hotuba na ripoti za huku kwetu, hata kwa watu ambao Kiingereza chao hakina shida, kwa sababu sikio limeshalizoea.

Hiyo "out" unaweza kuiweka kabla au baada ya "the baby"; zote mbili zinakubalika, ingawa baada ndiyo imezoeleka zaidi. Lakini ukitumia kiwakilishi badala ya nomino, nafasi ni moja tu: "throw it out". Anayeandika "throw out it" amekosea. "The" ikae kwa mtoto na kwa maji pia, na "bathwater" iandike kama neno moja.

Sasa maana. Wengi hudhani msemo huu unasema tu "usitupe kitu cha thamani". Sivyo. Anayeutumia anakiri mambo mawili kwa mpigo: kwanza, kwamba kweli kuna maji machafu na yanapaswa kumwagwa, pili, kwamba ndani ya beseni hilohilo yumo mtoto. Asiyeona uchafu wowote hana haki ya kuutumia. Kama mwenyekiti wako angeamini kuwa mikopo ya dharura haina kasoro, angesema tu kwamba anaipinga hoja. Kwa kuutaja msemo huu amewapa wapinzani wake nusu ya ushindi: amekubali kuwa kuna tatizo la marejesho. Katibu asiyelinasa hilo ataandika kuwa mwenyekiti alikataa hoja, na hapo atakuwa amemlisha maneno.

Kuna upande mwingine ambao msikilizaji makini huutazama. Anayeutumia msemo ndiye pia anayeamua nani ni mtoto na yapi ni maji, bila kuulizwa. Historia ya msemo wenyewe inaonyesha jinsi hilo linavyoweza kuwa hatari, na hapa ndipo namjibu mhasibu wako.

Msemo huu si wa Waingereza kwa asili, ni wa Wajerumani. Mwandishi wao wa kejeli, Thomas Murner, aliutumia katika kitabu chake cha dhihaka kilichochapwa mjini Strasbourg mwaka 1512, tena kwa mchoro wa mwanamke anayemwaga beseni na mtoto anatoka na maji. Mwaka 1610 mwanafalaki Johannes Kepler aliuweka hadi katika kichwa kirefu cha kitabu chake Tertius Interveniens, akiwaonya wasomi kwamba wanapoukataa ushirikina wa wapiga nyota, kwa haki kabisa, wasimmwage mtoto pamoja na maji. Ona alivyoutumia barabara: kwanza anakubali kuwa ushirikina ni uchafu, ndipo anapomtetea mtoto.

Kwa Kiingereza ulipata umaarufu baadaye sana. Mwandishi Mskoti Thomas Carlyle aliuandika katika makala yake ya katikati ya karne ya kumi na tisa, akisema wazi kuwa ni msemo wa Wajerumani. Makala yenyewe ilihusu watu weusi wa visiwa vya Karibi, ndani ya miongo miwili hivi baada ya Uingereza kukomesha utumwa katika makoloni yake. Carlyle alitaka maovu ya utumwa yaondolewe, lakini kile alichokiita kitu cha thamani ndani ya utumwa kiokolewe. Huyo ndiye alikuwa mtoto wake! Tangu niisome makala hiyo, kila nikisikia msemo huu kikaoni hujiuliza kwanza mtoto anayetetewa ni wa nani.

Hadithi ya familia kuoga kwa zamu katika maji mamoja ilivuma kwa barua pepe iliyosambazwa mwaka 1999, iliyokusanya maelezo ya kubuni kuhusu misemo kadhaa. Kushirikiana maji ya kuoga si jambo geni katika nyumba maskini za popote, ila halielezi msemo huu. Kejeli ya Murner ni juu ya upumbavu wa anayemwaga. Kama maji yangekuwa meusi kiasi cha kumficha mtoto, mwanamke yule angekuwa na udhuru, na kejeli ingekosa mtu wa kumchoma.

Tuje kwenye Kiswahili. "Tusimtupe mtoto pamoja na maji ya kuogea" sasa inasikika redioni na kwenye mikutano, na wengi wanaielewa. Siipingi katika hotuba. Katika muhtasari siipendi, kwa sababu muhtasari ni kumbukumbu ya hoja, na miaka mitano ijayo mkaguzi atataka kujua mwenyekiti alisema nini hasa, si alivyochangamsha kikao.

Jihadhari pia na methali zinazofanana nayo kwa mbali. Mfasiri mwenye haraka hukimbilia "usiache mbachao kwa msala upitao". Hiyo inamwonya mtu anayeacha chake cha zamani kwa kutamani kipya kinachopita. Katika bodi yenu hakuna aliyetamani kipya. Mmechukizwa na kibovu tu. Iliyo karibu zaidi ni "mtoto akinyea kiganja hakikatwi": uchafu upo, unakera, lakini dawa ni kunawa. Hata hivyo hiyo huelekea zaidi kwenye kumvumilia mkosaji, na sidhani mwenyekiti alitaka wadaiwa wenu wavumiliwe. Ukitaka picha isiyo na utata, tumia ya pumba na mchele, kwamba zitenganishwe kwanza. Na anayetaka kufuta kila kitu naye ana methali yake tayari, ya samaki mmoja akioza. Mjadala wenu wote unaweza kufanywa kwa methali hizo mbili bila neno la Kiingereza.

Ningekuwa mimi, kwenye muhtasari ningeandika hivi: "Mwenyekiti alikiri kuwa kuna tatizo la marejesho katika mikopo ya dharura, lakini alitahadharisha kuwa tatizo hilo lisiwe sababu ya kufuta huduma yenyewe. Hoja iliahirishwa." Usiongeze kwamba huduma inawasaidia wanachama wengi kama hakulisema. Kwa mfadhili nako acha mtoto na beseni, andika: "The Chairperson acknowledged the repayment problem but cautioned against discontinuing the emergency loan altogether. The matter was deferred." Neno "discontinue" ndilo la huduma au bidhaa ya mkopo. Mkopo hautupwi.

Kompyuta ndizo zenye mtego zaidi. "Throw away" ni kutupa kwenye pipa la taka. Mfadhili akiisoma katika taarifa atajiuliza kwa nini mmetupa vifaa ambavyo huenda alivilipia yeye. "Get rid of" ni kuachana na kitu kwa njia yoyote, kukiuza, kukigawa au kukitupa, lakini ni lugha ya mazungumzo na ina harufu ya kuchoshwa. Taarifani andika "dispose of". Wengi wanaiogopa wakidhani nayo ni kutupa. Katika lugha ya ofisi ni kuiondoa mali kwenye umiliki kwa utaratibu: kuuza kwa mnada, kuhamishia taasisi nyingine, kuteketeza na kadhalika. Ndiyo maana sheria ya Kenya ya mwaka 2015 inaunganisha ununuzi wa umma na uondoaji wa mali katika jina lake, na neno la Kiingereza lililotumika ni la mzizi huohuo, "disposal". Ila usiishie hapo, sema mnaziondoa kwa njia gani: "by sale to members", "by donation to a school", kama kikao kilivyoamua. Kama hakikuamua njia, hilo ni la kurudisha kwa mwenyekiti kabla hujaandika lolote.

Na mfadhili akikujibu kwa kusema mtaalamu wake yuko "at your disposal", usishtuke. Anasema mtu huyo mnaweza kumtumia mtakapomhitaji.