Jibu: Duka la skeitibodi kama lile la zamani, nianze na nini?

Mkuu, umeuliza uanze na nini ili duka lako la skeitibodi (ubao wa magurudumu wa kuteleza) hapo London lifanane na lile ulilokulia, ambalo limeshafungwa. Usianze na nguo. Najua ndizo zenye faida, lakini kilichotuvuta sisi vijana kwenye maduka yale ni meza ya fundi.

Iweke mbele, isiwe stoo. Mtoto akija kununua ubao wake wa kwanza, mbandikie juu yake msasa wa kuzuia miguu isiteleze, akiona: pitisha tupa pembeni mpaka mstari mweupe utokeze, kisha kata kwa wembe. Hasahau. Mbao za tabaka 7, upana inchi 8 hadi 8.5, ndizo zitakazotoka sana. Anayehitaji nati moja mpe bure.

Angalia Slam City Skates, duka la skeitibodi la London lililoanza 1986. Pale uchochoro wa Neal's Yard lilikaa juu ya duka la santuri la Rough Trade, wateja wakipishana kwenye ngazi moja. Tafuta jirani wa namna hiyo, kodi mgawane.

Na lile jina la duka la zamani, tafadhali, usilitumie kabla hujaongea na aliyekuwa mwenye duka. Mimi ningempigia leo hii.